Timu ikipanda daraja, anzeni na daftari la mishahara

Timu ikipanda daraja, simu za viongozi hazipumui. Mawakala wanapiga, wadau wanapiga, kila mmoja ana straika wake wa kuibakisha timu. Nimeshika hesabu za klabu moja hapa Dodoma wakati inapanda kutoka ligi ya mkoa, na ushauri wangu kwa kamati iliyo kwenye shangwe hizo ni mmoja: kabla hamjataja jina la mchezaji yeyote, kaeni na daftari la mishahara.

Ada ya usajili inauma mara moja. Mshahara unarudi kila mwisho wa mwezi, timu ishinde, ifungwe. Tuchukue mfano wa mchezaji wa Ligi Kuu: ada milioni 10, mshahara milioni 2 kwa mwezi, mkataba wa miaka 2. Kamati zetu hukesha zikibishana ili ada ishuke hadi milioni 8, halafu mshahara unapita bila mjadala. Na kwa miaka hiyo miwili mshahara huo ni milioni 48! Wakiwa wachezaji 25 wa kiwango hicho, ni milioni 50 kwa mwezi, milioni 600 kwa mwaka, hapo hujagusa benchi la ufundi, kambi wala safari za ugenini.

Fedha itatoka wapi? Wengi wanatazama Uwanja wa Jamhuri ulivyofurika siku ya Simba au Yanga, wanaona mambo yamejipa. Ligi ya timu 16 inakupa mechi 15 za nyumbani, na vigogo hao wawili wanakuja mara moja moja. Mishahara ifungwe kwenye fedha ya uhakika tu: mgawo wa haki za matangazo (mkataba wa Azam wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10), mdhamini aliyekwisha kusaini, na fedha ya halmashauri iliyokwisha kupita kwenye bajeti. Viingilio vilipe nauli na posho za ushindi. Ahadi ya mdau iliyotolewa kwenye sherehe ya kupanda msiiandike popote mpaka ifike benki.

Majirani zetu wa Singida wanaikumbuka Singida United. Ilipanda 2017, ikamleta kocha Hans van der Pluijm aliyetoka Yanga, ikasajili wachezaji wa kigeni, na 2018 ikafika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Ukata ukaingia, na 2020 ikashuka. Uingereza nako, Fulham ilipanda 2018, ikamwaga zaidi ya pauni milioni 100 kwenye usajili na kushuka msimu huohuo.

Jambo linalonigusa zaidi ni chumba cha kubadilishia nguo. Mshahara wa mchezaji mpya haufichiki. Akisaini asubuhi, jioni kambi nzima inajua. Nahodha wetu, kijana aliyetupandisha akicheza kwa posho ya nauli, alinifuata na kuniambia, "Kaka, mimi sidai kulingana naye. Nataka tu tulipwe siku moja." Yule mpya alikuwa analipwa kwa wakati, wao wakisubiri. Nilipeleka hoja hiyo kwenye kamati na bado naisimamia: wote walipwe tarehe moja, na kabla ya kumleta mchezaji mpya, waliopandisha timu waongezwe kitu, hata kidogo.

Kuchelewesha kuna gharama nyingine. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na isipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali. Anaondoka bure, fidia inabaki juu yenu, na msipoilipa mnafungiwa kusajili.

Kila mkataba uwe na kipengele cha kushuka daraja kinachotaja mshahara mpya. Asiyekikubali, mwacheni aende. Ada igawanywe kwa awamu. Halafu acheni nafasi mbili tatu wazi hadi dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu. Kufikia Desemba kocha atakuwa ameshajua tundu liko wapi, na timu kubwa zitakuwa na wachezaji waliokosa namba. Waombeni kwa mkopo, na mazungumzo yaanze kwa kuuliza klabu zao zitabeba kiasi gani cha mshahara.