Mlima upo, mbona hawapandi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimesikia kule Tibet kuna mlima watu wanatoka mbali kwenda kuuabudu ila hakuna anayepanda hadi juu, sa si woga tu huo? Na Mungu si yuko kila mahali?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mlima huo ni Kailash, mita 6,638 hivi, na wanaouheshimu si dini moja, Wahindu wanasema ndo makao ya mungu wao Shiva, halafu kuna Wabuddha, Wajaini (dini nyingine ya India) na watu wa Bon, dini ya zamani ya Tibet. Ibada yao ni kuuzunguka, kilomita kama 52, na wapo wanaolala kifudifudi wakanyoosha mikono, wanainuka, wanasogea hadi pale mikono ilipofika wanalala tena, hivyo hivyo njia nzima kwenye baridi na mawe. Mtu wa hivyo mi siwezi kumwita mwoga hata kidogo.

Halafu hilo neno kuabudu tuliangalie vizuri. Wakikuyu walikuwa wanasali wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ila aliyekuwa anaombwa ni Ngai, Mungu wao, sio jiwe. Na hata Sinai, ukisoma Kutoka 19 utaona watu waliwekewa mpaka kabisa wasipande wala kugusa mlima, akaitwa Musa. Kwa hiyo kuzuiwa kupanda sio jambo geni kwetu.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa 1955. Mlima Kangchenjunga, kule Himalaya mpakani mwa Nepal na Sikkim (sasa ni jimbo la India), ni wa tatu kwa urefu duniani na hakuna aliyekuwa amefika juu, wakaja Joe Brown na George Band kutoka Uingereza, wamehangaika wiki na wiki, na msafara wao ulikuwa umewaahidi watu wa Sikkim kwamba kilele hakitakanyagwa maana kwao ni patakatifu. Walipobakiza hatua chache tu wakasimama, wakageuka. Nani angewaona huko juu? Kesho yake wenzao wawili wakapanda, nao wakaishia palepale.

Sio wote wana moyo huo. Kule Australia Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wanawaomba watalii miaka na miaka wasipande Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu, na watu wakaendelea kupanda tu. Ni mpaka Oktoba 2019 ndo pakafungwa rasmi, na ile minyororo watalii waliyokuwa wanashikilia kupandia ikang'olewa.