Mnaoanza kusoma Kabala, anzeni na Shekina, mchoro utasubiri

Jamani mnaoanza Kabala, yaani mafundisho ya siri ya dini ya Kiyahudi, naona wengi mnakimbilia ule mchoro wa sefiroti kumi, yaani njia kumi ambazo Mungu anajidhihirisha kwazo, mnakariri majina toka juu mpaka chini halafu mnachoka mapema, na ukimuuliza mtu mchoro wenyewe unahusu nini hana jibu. Mimi nawashauri anzeni na Shekina, yaani uwepo wa Mungu unaokaa na watu. Marabi kwenye Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, wanasema popote Israeli walipohamishwa, Shekina ilienda nao. Hilo lishikeni kabisa kabla hamjaenda mbele.

Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, iliyotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, inaifanya Shekina kuwa sefira ya kumi, ile ya chini inayogusa dunia yetu, na dhambi za watu zinaitenga na zile za juu. Sasa 1492 Wayahudi wanafukuzwa Hispania, baadhi yao na watoto wao wanaishia Safed kule Galilaya, hebu fikiria mtu wa namna hiyo anasoma kwamba Mungu naye yuko uhamishoni pamoja na yeye! Mimi hapo ndipo Kabala iliponishika.

Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala, alifika Safed 1570 na 1572 akafariki, ana miaka 38 tu. Mafundisho yake kwa kifupi: Mungu alijibana ili ulimwengu upate nafasi, mwanga ukamiminwa kwenye vyombo, vyombo vikashindwa kuuhimili vikavunjika, cheche zikatawanyika na kunaswa kila mahali, hata kwenye chakula. Kuziinua hizo cheche ndo tikuni, yaani kurekebisha kilichovunjika, na inafanyika kwa sala, amri za Torati, hata kula tu ukiwa umebariki kwa nia.

Someni na sala ya usiku wa manane, tafadhali msiiruke. Mtu anaamka, anavua viatu, anakaa chini karibu na mlango, anajipaka majivu kwenye paji la uso, anasoma zaburi ya Kando ya mito ya Babeli, na anaililia Shekina kwanza kabla ya kulilia shida zake mwenyewe. Ukiielewa sala hiyo, mchoro utaufuata bila taabu.

Halafu kwenye notsi zenu msiandike ovyo "Luria kasema", maana mwenyewe aliandika kidogo sana, mengi tunayapata kwa mwanafunzi wake Chaim Vital na wanafunzi wengine, na hawakubaliani kila mahali, kwa hiyo kila hoja andika umeitoa kwa nani.