Mkono umevimba baada ya upasuaji: je, diklofenaki ni sawa na ketoprofeni?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mama yangu mdogo alitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, kisha akapigwa mionzi hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu mwaka jana mkono wa kushoto umevimba, bangili haiingii tena, na ngozi imekuwa ngumu hata kuifinya ni kazi. Kijana wetu alisoma kwenye simu kwamba ketoprofeni huotesha upya mishipa ya limfu. Duka la dawa hawakuwa nayo, wakatupa diklofenaki ya miligramu 50 wakasema ni familia moja. Amemeza wiki tatu. Mkono uko vile vile, na sasa jioni hata miguu inavimba. Tuendelee?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Msiendelee. Aache diklofenaki leo, na kesho apelekwe kituo cha afya apimwe presha, mkojo na kazi ya figo. Dawa za kundi hili la kutuliza maumivu huzifanya figo zizuie chumvi na maji, kwa hiyo huenda miguu inavimba kwa sababu ya dawa yenyewe. Kama anameza pia dawa za presha kama losartani au kaptopirili, au vidonge vya kukojoza, hatari kwa figo huongezeka sana. Mwambieni mhudumu kila anachomeza, na dawa za kienyeji pia.

Duka la dawa halikukosea kusema ni familia moja, ila kwa ugonjwa huu, yaani uvimbe wa limfu, undugu huo hautoshi.

Mishipa ya limfu hukusanya maji na protini zilizobaki katikati ya nyama na kuzirudisha kwenye damu. Tezi za kwapani zikitolewa na mionzi ikakausha sehemu iliyobaki, mkono unabaki kama shamba la mpunga ambalo mfereji wake wa kutolea maji umezibwa. Protini zikituama, chembe za kinga hukimbilia hapo, na kadiri miezi inavyokwenda ngozi hujaa nyuzi na mafuta. Ndiyo maana sasa haifinyiki. Kwa hiyo kilichomo kwenye mkono si maji matupu.

Mwili una ishara zinazoamuru mishipa ya limfu iote, na kubwa kati yake huitwa VEGF-C. Prostaglandini, zile kemikali za maumivu na homa, huichochea ishara hiyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hufunga kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Kwa hiyo, kwa upande wa uotaji wa mishipa, dawa hizi zinaelekea zaidi kuuzuia kuliko kuusaidia. Katika saratani jambo hilo huwavutia watafiti, kwa sababu uvimbe wa saratani hutumia mishipa hiyo kusambaa. Kwa mkono wa mama mdogo haliwezi kuwa tiba.

Ketoprofeni ina kazi ya pili. Pamoja na prostaglandini, huzuia pia njia inayotengeneza kemikali iitwayo lukotraini B4. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwa panya kwamba lukotraini B4 ikiwa kidogo husaidia mishipa ya limfu kuota, ila ikizidi huua chembe zinazojenga kuta za mishipa hiyo. Katika uvimbe wa limfu uliokomaa huwa imezidi. Tunaomba wasomaji washike jambo hili: kemikali hiyo hiyo hujenga au hubomoa kutegemea kiasi chake na wakati wake.

Mwaka 2018 kundi hilo la Stanford likatoa matokeo ya watu: 21 waliopewa dawa wakijua, kisha 34 waliogawanywa, wengine wakapata ketoprofeni na wengine kidonge kisicho na dawa. Kipimo kilikuwa kapsuli ya miligramu 75 mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Ngozi ilipungua unene na nyama zilionekana nafuu chini ya hadubini. Ujazo wa mkono au mguu, ambao ndio unaomsumbua mgonjwa, haukupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka huo huo dawa nyingine, ubenimeksi, inayozuia lukotraini B4 peke yake, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa miguu na haikufanya kazi.

Kwa hiyo hata mkiipata ketoprofeni, si ya kununua na kuanza nyumbani. Miligramu 225 kwa siku kwa miezi minne zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo na moyo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, pumu inayochochewa na aspirini, au mimba, asiiguse bila daktari. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali saa hiyo hiyo. Jeli ya kupaka si mbadala, kwani iliyopimwa ni ya kumeza.

Kinachopunguza mkono ni kubana, mazoezi na ngozi safi. Kwanza aonwe na daktari ahakikishe saratani haijarudi, hasa kama uvimbe ulikuja ghafla, unauma, au kuna donge gumu kwapani. Kisha waulizeni hospitali ya Maweni kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Nyumbani mpimeni kwa futi ya fundi cherehani: anzeni kwenye kifundo cha mkono, mpande kila sentimita 10, mikono yote miwili, asubuhi, na muandike. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi si ya kupuuza. Bendeji inayofaa ni ile isiyovutika sana, na huanzia vidoleni kwenda juu, ikibana zaidi chini na kulegea kadiri inavyopanda. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kufunga kiwiko kwa nguvu na kuacha kiganja wazi; limfu yote hushuka kiganjani. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungueni. Akiwa amefungwa bendeji, akunje na kukunjua ngumi mara 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu msuli ukigonga bendeji ndipo limfu inaposukumwa.

Avae glavu akipara samaki au akilima. Mwiba mmoja wa samaki unatosha kuingiza vijidudu. Mkono ukigeuka mwekundu na wa moto, na homa ikapanda, anahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo. Na hapo diklofenaki ina ubaya mwingine: huishusha homa, mkadhani amepona huku maambukizi yanaendelea.

SWALI: Baba ana mguu mmoja mkubwa kwa miaka sita sasa. Tunampa Lasiksi, dawa ya kukojoza, lakini uvimbe unarudi. Tuongeze kipimo?
Msomaji, Ipuli, Tabora

JIBU: Msiongeze. Lasiksi hutoa maji na kuacha protini ndani ya mguu, na protini hizo huyavuta maji tena. Ikizidishwa humpunguzia madini ya potasiamu na kumpa kizunguzungu. Mpelekeni hospitali ya Kitete wamtazame chanzo, matende yakiwemo kama amewahi kuishi pwani. Kila jioni aoshwe mguu kwa sabuni na maji safi, mkaushe vizuri katikati ya vidole, mpake dawa ya fangasi palipochanika, na alale mguu ukiwa juu ya mto. Mguu ukivimba ghafla kuliko kawaida na shavu la mguu likauma, hilo ni jambo jingine: huenda damu imeganda mshipani. Msiukande, mpelekeni hospitali usiku huo huo.