Mipira ya usukani inazunguka mkononi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nikishuka mteremko, hasa mvua ikinyesha, mipira ya usukani wa baiskeli yangu ya milimani inazunguka. Nimeitia gundi mara mbili, wapi! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Gundi achana nayo, na mafuta usithubutu. Mimi niliwahi kupaka mafuta kidogo ili mpira uingie kirahisi. Uliingia vizuri sana, na siku ya pili ukatoka vilevile: nilijikuta kichakani, mpira kiganjani.

Penyeza kijiti chembamba chini ya mpira, dondoshea spiriti, zungusha, vuta. Kwangua gundi yote, bomba liwe kavu, lisiteleze. Kisha lowesha ndani ya mpira kwa spiriti, usukume mara moja bila kusitasita, maana inakauka upesi. Usiiendeshe mpaka kesho yake.

Ila kama mpira umekuwa laini na unanata kama ubani uliotafunwa, umekufa huo. Nunua yenye pingu ya chuma inayokazwa kwa skrubu. Bomba la usukani wa milimani huwa na kipenyo cha milimita 22.2 pale mkono unaposhika, kwa hiyo mipira mingi itakutosha. Kaza kwa kiasi. Usukani wa kaboni hupasuka ukibanwa mno.

Halafu vile vizibo vya mwishoni usivitupe. Bomba lililo wazi, ukianguka, linakata nyama duara kama kikata maandazi.