Metallica na albamu ijayo: mzee hachoki?

Mkuu, kuhusu Metallica, bendi ya muziki wa metal ya Marekani, unasema "wazee hawa waachane na studio, wabaki kwenye ziara tu". Nakupinga nusu. Hofu yangu si umri, ni urefu. Albamu yao 72 Seasons ya 2023 ina nyimbo 12, dakika kama 77, na ukweli usemwe, nyimbo tatu pale zingepunguzwa kiuno nani angelalamika? Lakini "Inamorata" iliyofunga albamu inapita dakika 11 na sina hata sekunde ya kuitoa. Pale katikati gitaa zinatulia, besi ya Robert Trujillo inabaki inatembea peke yake, halafu wenzake wanaingia polepole. Bendi iliyoishiwa haitungi kitu kama hicho.

Tumaini langu lingine ni Kirk Hammett, mpiga gitaa wao. Kwenye albamu ya Hardwired ya 2016 hana jina kwenye utunzi hata wimbo mmoja, maana simu yake ilipotea na vipande vya gitaa vipatavyo 250 ndani, na hakuwa na nakala kokote (jamani!). 2023 akarudi kwenye utunzi. Safari hii apewe nafasi zaidi, ila apunguze kidogo ile pedali ya wah, inayofanya gitaa lilie "wa-wa".

Prodyuza naye wangembadilisha. Greg Fidelman ni fundi, ila albamu mbili mfululizo zinatosha. Na hao wanaotishia kwamba tutapewa albamu nyingine kama St. Anger, watulie: ile sauti ya ngoma ya snare iliyolia kama sufuria mwaka 2003, hata Lars Ulrich, mpiga ngoma wao, hawezi kuirudia.