Kwa wadogo zangu wanaoandika huku wakilea

Kina mama vijana wa hapa Moshi huniletea miswada yao niipitie kabla haijafika kwa mhariri, na safu hii naiandika kwa sababu ya ile niliyoisoma mwezi huu. Karibu yote ina kosa lile lile: watu wa nyumbani wamevuliwa nguo mbele ya wasomaji. Mmoja ameeleza jinsi mwanawe wa darasa la tano anavyokojoa kitandani, na mwingine amesimulia ugomvi wa mawifi juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, akidhani kwamba kusema "mahali fulani huko Uru" kunamficha mtu. Uru nzima inajuana, jamani.

Kwanza, kuficha jina si kumficha mtu. Nalijua hili kwa gharama. Nilipokuwa na ukurasa wangu wa kila wiki katika gazeti moja, ilifika Alhamisi sina mada, mhariri ananipigia simu, nami niko jikoni namenya ndizi za mtori. Binti yangu alikuwa anarudia kidato cha pili baada ya kuanguka mtihani, na tulikuwa tumemhamishia shule nyingine ili aanze upya mahali asipofahamika. Nikasugua utomvu mikononi, nikaketi, nikaandika yote: alivyojifungia chumbani, alivyokataa kula, na swali aliloniuliza usiku, kama baba yake bado anamhesabu miongoni mwa watoto. Nikamwita "binti wa jirani yangu" na nikajiona stadi. Mhariri alisema ndiyo makala bora niliyowahi kumpelekea, na kinachoniuma hadi leo ni kwamba alisema kweli.

Wiki iliyofuata mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani na gazeti lile, akaisoma makala kwa sauti kama mfano wa insha nzuri, bila kujua lolote. Binti yangu alilisikia swali lake mwenyewe likisomwa, akainamisha kichwa juu ya dawati, na mwenzake mmoja mwenye macho makali akalinganisha jina la ukoo lililokuwa gazetini na lile la kwenye daftari. Jioni alifua sare yake, akaianika, kisha akaniambia maneno mawili tu: "Mama, ungeniuliza."

Huku kwetu Uchagani aliyekosa humpelekea jani la sale yule aliyemkosea, naye aliyepelekewa hatarajiwi kulikataa. Mama mkwe alinionya kwamba mzazi hampelekei mtoto sale. Nilichuma moja kwenye mpaka wa kihamba nikampelekea hivyo hivyo, akalipokea kwa kuwa mila ilimbana. Msamaha wenyewe ulichukua miaka.

Kwa hiyo anayeandikwa asome kabla ya mhariri, na kama ni mdogo mno kuelewa anachokubali, mada isubiri akue. Mswada wa kikojozi nimeurudisha bila kuutia alama hata moja, nikamwambia mama yake aufungie kabatini mpaka kijana aote ndevu. Msiniambie kwamba mwandishi hana budi kuandika ya nyumbani, kwani hilo silikatai. Mwana Kupona, yule malenga wa pwani, aliandika ya nyumbani, mgonjwa, mwaka 1858, lakini utenzi wake aliuelekeza kwa binti yake: alisema naye, hakumsema. (Mawaidha yake kuhusu mume mnaweza kubishana nayo, mabinti zangu hubishana nayo kila tukiyataja.)

Pili, msimwahidi mhariri kazi yoyote ya mwisho wa Desemba. Ndugu wote wa Dar es Salaam wanapanda kuja kula Krismasi, nyumba za Kibosho na Marangu zinajaa, na hakuna shemeji atakayekubali kwamba mtu aliyeketi na daftari anafanya kazi. Kazi ya Desemba huandikwa Novemba.

Tatu, hifadhini kazi kila mnapomaliza aya, kwa maana umeme haupigi hodi.

Nne, tangu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, kila mswada unaonijia una haraka ya kushindana. Shindaneni, lakini someni masharti na hesabuni maneno kabla ya kutuma.

Tano, dada wa kazi alipwe kabla hamjanunua kompyuta. Saa mbili mnazopata kila asubuhi za kuandika kuhusu utu na haki ni saa ambazo yeye anabeba mtoto wenu mgongoni. Majuzi mwandishi mmoja alikuja kunilalamikia kwamba dada yake ameondoka alfajiri bila kuaga, akamwacha katikati ya sura ya saba, tena sura ngumu. Nilipomuuliza mara ya mwisho alimlipa lini, alianza kunieleza habari za sura ya nane.