Printa ya zamani ikikwamisha karatasi, usikimbilie kununua rola

Printa ya leza ninayotumia hapa steshenari, Mwanjelwa, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Niliinunua ikiwa imeshatumika sana, na mwaka wa kwanza ilinitesa kwa jambo moja tu: karatasi. Mara inavuta mbili kwa pamoja, mara inavuta moja na kuing'ang'ania katikati. Wanafunzi wamepanga foleni na ripoti zao za utafiti, nami nachomoa karatasi zilizokunjamana kama sketi ya marinda. Nikabadilisha rola, ile ya mpira inayovuta karatasi kutoka kwenye trei, mara mbili. Hela ikaondoka, tatizo likabaki.

Nilikuwa nimeamini kwamba kila kukwama ni rola. Siku hizi, kabla sijashika bisibisi, naangalia kwanza karatasi imeishia wapi.

Kama haijatoka kabisa kwenye trei na rola unaisikia ikizunguka, basi rola inateleza kweli. Itoe uitazame penye mwanga. Mpira uking'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisichoacha nyuzi, uuache ukauke. Kama mpira umevishwa juu ya plastiki mfano wa tairi, uvue uugeuze, wa ndani uje nje. Upande ule haujawahi kugusa karatasi. Wapo wanaopiga msasa. Nimepiga pia, na kwangu ulisaidia wiki chache tu, maana mpira wenyewe ulikuwa umeshakauka. Msasa ni wa kumalizia kazi ya leo huku ukisubiri rola mpya ije na basi kutoka Dar.

Zikitoka mbili mbili, tazama kile kibao kidogo chenye mpira kinachokaa mkabala na rola. Ndicho kinachoizuia karatasi ya pili isifuatane na ya kwanza. Kikilika hadi kikawa laini, kibadilishe pamoja na rola.

Ila huku kwetu Mbeya usisahau mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili karatasi hunywa unyevu wa hewani. Rimu ukiiacha wazi usiku mmoja tu, asubuhi unakuta karatasi zimejikunja pembe na kushikana. Jioni naitoa karatasi yote kwenye trei, naifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Asubuhi naipepeta kabla ya kuirudisha. Rimu nyingi zina mshale kwenye kanga yake unaoonyesha upande wa kuchapa kwanza, ufuate.

Hayo yote niliyafanya, na bado mbili zilikuwa zinatoka. Siku moja akaja mzee mmoja wa Uyole kutoa kopi ya kitambulisho. Ni fundi mstaafu wa mashine za ofisini. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza, akaisikiliza printa.

"Mwanangu, rola haina kosa. Sikiliza vizuri, inazunguka mara mbili."

Nikasikiliza. Kweli: tak, halafu tak nyingine.

Akanieleza. Rola haizunguki muda wote. Ubavuni, nyuma ya kifuniko cha gia, kuna solenoidi: koili ya waya yenye kibati kama ulimi. Umeme ukipita, koili inauvuta ulimi, gia inaachiwa, rola inazunguka mara moja. Umeme ukikatika, springi inaurudisha ulimi, gia inafungwa. Ulimi unapogota pamebandikwa sponji ndogo ya kupunguza kelele. Baada ya miaka ishirini na kitu, sponji ile inageuka ulimbo. Ulimi unanata, unachelewa kurudi, na rola inapata nafasi ya kuzunguka tena na kuvuta karatasi ya pili. Ulimi ukinata wakati wa kuvutwa, karatasi inachelewa kuingia na mashine inatangaza imekwama.

Nilipofungua nilikuta uchafu mweusi unaonata kama lami. Niliukwangua kwa kijiti cha mbao, nikasafisha chuma kwa spiriti hadi kikawa kikavu kabisa. Kisha nikakata kitambaa kizito cha pamba, unene ukikaribiana na wa sponji ya mwanzo, nikakibandika kwa tone dogo la supa gluu na kuacha hadi kesho yake. Tepu ya umeme siipendi mahali hapo, kwa sababu gundi yake huchuruzika ikipata joto na unarudi kwenye ulimbo uleule. Nilichapa karatasi 50 mfululizo, zikatoka moja moja. Rola zangu mbili za zamani bado ninazo kwenye droo, nzima kabisa.

Ukitaka kujaribu, chomoa waya ukutani na usubiri nusu saa, kwani fyuza, sehemu inayoyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi, hufika karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Katriji ya tona, yaani ya huo unga wa wino, ifunike kwa kitambaa kizito, kwani dramu, ile silinda iliyomo ndani yake, haitaki mwanga. Gia zipige picha kwa simu kabla hujazigusa.

Na mashine ikisema imekwama wakati ndani huoni karatasi, tafuta vijiti vyembamba vya plastiki ambavyo karatasi huvisukuma inapopita. Mara nyingi nyuma ya kimojawapo kuna kipande kilichochanika. Ndiyo maana nawaomba wateja wangu wasivute karatasi iliyokwama kwa mkono mmoja. Shika pembe zote mbili, vuta polepole kuelekea inakokwenda, kisha itandaze mezani uone kama imetimia.